Gitaa Nalo Hunena: Hoja Dhidi ya Kimya cha Washairi

Kila wanapokutana wapenzi wa muziki wa dansi, iwe barazani, penye kahawa au safarini, mambo hufuata njia ile ile. Mmoja hutaja anachokisikiliza juma hilo: Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. Wa pili humjibu kwa Franco na T.P. OK Jazz. Wa tatu hakubali, humleta Dr. Nico. Wa nne, kijana wa juzi, hucheka na kuwaambia wazee wake kwamba kabla hawajamsikiliza Jimi Hendrix hawajasikia gitaa. Hapo swali huzuka: ni nani hasa fundi wa gitaa? Na hapo hapo Kiswahili huishiwa pumzi. "Huyu mkali." "Yule hatari." "Yule ana vidole." Sauti hupanda, hoja hazipandi. Mwisho kila mtu huondoka na fundi wake kama alivyokuja naye.

Tafakari ajabu hii. Lugha yenye jina la kila kipande cha mshororo, ukwapi, utao, mwandamo na ukingo; lugha inayotofautisha kina cha kati na kina cha mwisho, kituo na kiitikio, utenzi na shairi; lugha ambayo wajuzi wake waweza kukesha wakizozana juu ya mizani moja iliyozidi, lugha hiyo hiyo inatoa maneno matatu kwa nyuzi sita. Mkali, hatari, vidole. Basi.

Wabishi wale siwalaumu. Wao wametimiza wajibu wao: wamependa, wamesikiliza, wamebishana. Lawama yangu naielekeza kwa washairi na walinzi wa lugha. Nadai kwamba elimu ya arudhi ndiyo lugha iliyo tayari ya kulieleza gitaa letu, kwamba wenye elimu hiyo wameikalia kama bibi kizee aliyekalia ufunguo wa ghala wakati wajukuu wana njaa, na kwamba gharama ya kimya chao si ndogo. Inalipwa kwa majina ya mafundi wanaosahaulika.

Nayajua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba dansi si ushairi. Gitaa ni chombo cha starehe, nasi tuna kazi ya maneno. Anayesema hivi na asome upya msingi anaousimamia. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, kitabu ambacho wanamapokeo hukishika kama msahafu, hakulitenga shairi na wimbo. Kwake yeye, shairi lisiloimbika lilikuwa na kasoro katika asili yake. Sasa, ikiwa shairi limezaliwa liimbwe, kwa nini kinachoubeba wimbo kiwe haramu kwa mshairi? Mizani haikuanzia kwenye karatasi. Ilianzia kwenye pumzi, kwenye kofi na kwenye mguu unaogonga sakafu.

Tena angalieni upendeleo uliojificha humo. Watu wa pwani hawajapata kuona aibu kusifu mkono wa mpiga udi. Zein l'Abdin wa Mombasa alisifiwa kwa sauti yake na kwa udi wake vilevile, na hakuna mshairi aliyesema kwamba kumsikiliza ni kupoteza wakati. Udi, kwa jina lake tu, unanukia. Gitaa likaonekana linanuka pombe. Udi uliingia barazani kwa kanzu, gitaa likaingia ukumbini kwa suruali ya bomba. Huo ndio ukweli wa dharau hii. Si hoja ya sanaa hata kidogo. Ni hoja ya mavazi.

Tukiweka mavazi kando, yapo makosa mawili yanayoyatawala mazungumzo yetu juu ya gitaa. La kwanza ni la wapenzi wa dansi, la pili ni la wapenzi wa lugha. Yote mawili dawa yake ni moja.

Kosa la kwanza ni kuabudu kasi. Kwa wengi, fundi ni yule ambaye vidole vyake havionekani. Wahenga walikwisha sema kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, lakini ukumbini hakuna anayewakumbuka wahenga. Chukueni mfano mmoja ambao kila mpenzi wa dansi anaujua. Mwaka 1978, huko Nairobi, baadhi ya wanamuziki waliochomoka kutoka Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga, waliunda Les Wanyika, na wimbo wao Sina Makosa ukaenea Afrika Mashariki nzima. Hadi leo ukipigwa arusini, wajukuu huinuka pamoja na babu zao. Sikilizeni gitaa la ridhimu la Omar Shabani katika nyimbo za bendi ile. Halikimbii popote. Linashika msemo mfupi na kuurudia, na kila likirudia linapita katika mlango ule ule. Chini yake besi ya Tom Malanga inasema kidogo, inanyamaza, kisha inasema tena, na kule kunyamaza kwake ni sehemu ya usemi. Anayepima kwa kasi hapa hana cha kupima. Atasema gitaa hili ni jepesi, na atakuwa amekiri kwamba kipimo chake ndicho chepesi.

Mshairi angemsaidia kwa neno moja: kibwagizo. Mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti haurudiwi kwa sababu mtunzi ameishiwa. Unarudiwa ili kila ubeti mpya uutie maana mpya, hata msikilizaji aliyeusikia mara tano ausikie mara ya sita kana kwamba umesemwa kwake peke yake. Ridhimu ya Les Wanyika ni kibwagizo kinachoanza kabla ya ubeti na kuendelea baada yake. Ubora wake umo katika urari, yaani katika kutozidi na kutopungua. Nani amepata kumsifu Shaaban Robert kwa kuhesabu beti alizoweza kuzighani kwa dakika moja? Basi na tuache kuwahesabia wapiga gitaa vidole.

Kosa la pili ni la jamaa zangu wa lugha, nalo ni baya zaidi kwa kuwa limevaa joho la elimu. Ni kuuhukumu wimbo wa dansi kwa maneno yake tu. Mpenzi wa lugha akiupenda wimbo huunakili. Huandika beti kwa uangalifu, husahihisha tahajia, huonyesha tamathali, hutoa maoni juu ya vina. Kisha mwimbaji anaponyamaza, naye huweka kalamu chini. Kwake wimbo umekwisha.

Kumbe wimbo ndio kwanza umepata nafasi ya kusema. Dansi la zama zile lilijengwa kwa hatua: magitaa hutangulia kutoa msemo wa wimbo, mwimbaji huimba beti zake kwa utulivu, waitikiaji hujibu, kisha muziki huchangamka na kufika sehemu ambayo wanadansi wa Dar es Salaam waliiita chemko. Hapo maneno hupungua au hukoma, na magitaa huachiwa uwanja. Lililosemwa na mwimbaji hugeuzwa, huulizwa, hudhihakiwa, hukubaliwa. Kuandika beti na kuiacha sehemu hiyo ni sawa na kuchapisha malumbano ya washairi wawili huku ukiondoa beti zote za mmoja wao, kisha ukamwambia msomaji kwamba amesoma malumbano.

Hasara ya ukataji huu inaonekana wazi kwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa mwaka 1944. Alipata umaarufu akiwa na Morogoro Jazz, akasafiri nao hadi Japani kwenye maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na ajali ya barabarani nchini Kenya ikamchukua Januari 1979, kabla hajatimiza miaka 35. Katika muda huo mfupi alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja. Uzito wa jambo hilo ni huu: mkono uliotunga swali ndio uliotunga jibu. Koo lake likifikisha mshororo kwenye kituo, vidole vyake vinaupokea na kuuendeleza. Anayemsoma Mbaraka kama mtunzi wa maneno peke yake amesoma nusu ya diwani yake, na nusu aliyoiacha ndiyo ile ambayo mtunzi hakuikabidhi kwa mtu mwingine.

Atainuka hapa mwenye hoja ya pili na kusema: nyuzi hazina maneno, muziki ni lugha ya dunia nzima, mbona tulimpenda Franco bila kujua Kilingala? Ni kweli tulimpenda. Lakini kupenda si kuelewa, na gitaa halikosi kabila. Mfano mzuri ni benga. Wapigaji wa Kijaluo walipochukua gitaa hawakuanza upya. Waliliingizia namna ya nyatiti, ule mdonoo wa haraka unaomkimbiza mwimbaji nyuma ya sauti yake mwenyewe. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kuvuma upande wa Kenya, hapigi kama Franco hata wakishika gitaa la aina moja, kwa kuwa kila mmoja amefuata mwendo wa muziki na usemi wa kwao. Ikiwa hivyo ndivyo, basi gitaa lililopigwa kusindikiza Kiswahili nalo limebeba mwendo wa Kiswahili: silabi zake zilizo wazi, mkazo wake unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mapumziko yake ya katikati ya mshororo. Nani atakayeueleza mwendo huo kama si yule anayehesabu mizani kila siku?

Wengine wamekwisha jaribu, nao hawakutoka miongoni mwetu. Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana wa Katanga, Jean-Bosco Mwenda, akipiga Masanga. Mwenda alikuwa miongoni mwa walioimba kwa Kiswahili cha huko kwao, na baadaye alikaa Nairobi kwa muda, ambako namna yake ya kupiga iliwagusa wengi. Alikuwa mtu mmoja na gitaa moja lisilo la umeme. Kidole gumba kilishika nyuzi nzito, cha shahada kilishika nyuzi nyembamba, na msikilizaji asiyeambiwa huapa kwamba anawasikia watu wawili. Mtaalamu David Rycroft aliyachambua magitaa ya Mwenda na kuyaandika kwa nota mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba kujifunza kwa Mwenda na wenzake, na mwaka 1982 kitabu chake cha safari hiyo kikachapishwa Vienna. Wote wawili waliandika kwa Kiingereza. Siwalaumu; nawashukuru. Ninachouliza ni hiki: malenga aliyezoea kuona vipande viwili katika mshororo mmoja, kila kimoja na kina chake, alikuwa wapi asitambue kwamba gumba na shahada vya Mwenda vinafanya jambo lile lile?

Hoja ya tatu ni ya wasafishaji wa lugha. Wao husema kwamba hatuwezi kuanza mpaka kwanza tupate istilahi zetu, kwa sababu solo, besi na ridhimu ni maneno ya kukopa. Jibu langu ni fupi: acheni yakopwe. Gitaa lenyewe ni neno la kukopa. Shairi ni neno la kukopa, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu hiyo. Simdharau mbunifu wa maneno. Sheikh Ahmed Nabhany alitupa runinga, nayo imekaa mahali pake. Lakini umaskini tulio nao si wa majina ya vyombo. Ni umaskini wa vitenzi, na vitenzi tunavyo kabatini.

Tunasema mtu anapiga gitaa, kama apigavyo pasi au apigavyo hodi. Je, anakung'uta, yaani anaushusha mkono kwenye nyuzi zote kwa pamoja? Anacharaza, kwa wepesi na mfululizo? Anadonoa, sauti moja moja, kama kuku achaguaye punje? Anatekenya, kwa kugusa kidogo na kuachia, hata sauti icheke? Anakwaruza makusudi ili kumkera mwimbaji? Anabembeleza? Anasuka, akipitisha sauti juu na chini ya nyingine kama ukili wa mkeka? Hayo ni maneno saba, na hakuna hata moja lililoagizwa kutoka ng'ambo. Kila moja linaeleza tendo tofauti la mkono na hali tofauti ya sikio.

Ongezeni juu yake hazina ya arudhi. Msemo wa gitaa unaoishia palipoishia msemo uliotangulia una kina. Msemo unaokatwa kabla ya kutimia, ukamwacha msikilizaji akining'inia, ni mshata, na fundi huutumia kwa kusudi pale ambapo mtunzi wa maneno angeukwepa. Solo inayochukua mwisho wa mshororo wa mwimbaji na kuufanya mwanzo wake ni pindu, kama shairi la mkufu. Solo inayompinga mwimbaji ni malumbano; inayosema jambo kwa kulizunguka ni fumbo. Mtu aliye na maneno haya hatahitaji kupaza sauti. Atasema: "Nampenda huyu kwa sababu anamwachia mwimbaji mizani zake zote, na hajibu mpaka kituo kimekamilika; yule wako anadakia." Hiyo ni hukumu. Mwenzake anaweza kuipinga kwa kurudi kwenye wimbo na kusikiliza. "Mkali" haipingiki, ndiyo maana haina thamani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi tunamsifu mgema bila hata kulionja tembo lenyewe.

Nilisema gharama si ndogo. Ni hii hapa. Usichoweza kukieleza huwezi kukitambua, na usichokitambua hukiulizii jina. Wimbo wa zamani ukipigwa redioni, mtangazaji hutaja bendi na mwimbaji. Bendi hizo zilikuwa na watu wawili, watatu, hata wanne wenye magitaa: solo, solo ya pili, ridhimu, besi. Mikono hiyo minne imo ndani ya kumbukumbu yetu, inasikika kila arusi na kila sikukuu, lakini waulizeni watu ni ya nani. Watamtaja mwimbaji. Kwa kuwa lugha yetu inawaita wote "mkali", hatuna sababu ya kumtofautisha mkali mmoja na mwingine, na asiyetofautishwa hahitaji jina. Rekodi za Radio Tanzania za miaka ya 1960 na 1970 zimejaa mikono ya aina hiyo. Waliokuwamo studio, wanaoweza kusema huyu ni fulani kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuchelewesha msemo wake, ni wazee sasa, na kila mwaka wanapungua. Wakiisha, hakutakuwa na wa kuuliza.

Washairi wanajua vizuri uchungu wa utungo usio na mtunzi. Wao ndio wanaolia kila wanapokuta beti nzuri zimenasibishwa na mtu asiyezitunga. Wanajua pia jinsi wajuzi wanavyomtambua mtunzi asiyetajwa: kwa mwendo wa vina vyake, kwa lahaja yake, kwa namna yake ya kufunga ubeti. Elimu hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye magitaa, na hakuna mwingine aliye nayo.

Basi natoa changamoto tatu. Kwanza, mpenzi wa dansi anayeleta wimbo barazani asitaje jina la mwimbaji pekee. Ataje na aliyepiga solo na aliyepiga ridhimu, na asipowajua amtafute mzee wa kumuuliza kabla hajamtafuta mtu wa kubishana naye. Pili, neno "mkali" lipumzishwe. Anayetaka kulitumia alilipie kwanza kwa sentensi tatu zinazosema mkono ulifanya nini, wapi katika wimbo, na ulimjibu nani. Tatu, na hili ni la watunzi: mnaponakili beti za wimbo wa dansi, msiweke kalamu chini mwimbaji anaponyamaza. Andikeni gitaa lilisema nini. Mkikosea, mtasahihishwa, na kusahihishana ndiko kulikojenga arudhi yenyewe.

Kwa kuwa mshairi huitwa kwa shairi, naacha ubeti mmoja mlangoni. Mwenye jibu alete, kwa vina hivi hivi:

Gitaa nalo hunena, mwenye sikio huwaza,
La kati likishikana, besi nayo hulikaza,
Solo huja kubishana, fumbo lake kueleza,
Malenga mwenye maana, mbona wewe wanyamaza?